Kabla ya Chati: Kuandaa Data ya Ripoti kwenye Power BI

Karibuni. Leo hatuchori chati hata moja. Tuna faili la mauzo la Excel na tunaliandaa ndani ya Power BI, programu ya Microsoft ya kutengeneza ripoti, maana jumla za ajabu kwenye ripoti mara nyingi zimeanzia huku chini.

Fungua Power BI Desktop, chagua faili lako, ila usibonyeze Load. Bonyeza Transform Data, na dirisha la Power Query, sehemu ya kusafishia data, litafunguka.

Anza na aina za data. Tazama alama ndogo kando ya jina la kila safuwima: tarehe iwe tarehe, kiasi kiwe namba. Msimbo wa mteja na namba ya simu viache vikiwa maandishi. Ukivigeuza namba, sifuri za mwanzo zinapotea, na sijaona bado anayejumlisha namba za simu.

Sasa ingia View, washa Column quality. Utaona asilimia ya seli sahihi, zenye hitilafu na zilizo tupu. Usizishangilie mapema: hapo zimekaguliwa safumlalo 1,000 za mwanzo tu. Bofya maandishi yaliyo chini ya dirisha, uchague data yote ikaguliwe.

Hatua inayofuata ni kugawa majedwali. Mauzo yakae katikati, kila safumlalo muamala mmoja. Wateja, bidhaa na tarehe ziyazunguke, kila moja na jedwali lake. Huu ndio muundo wa nyota ambao Ralph Kimball aliueneza tangu miaka ya 1990, na kwa ripoti za biashara mimi siuachi.

Funga Power Query kwa Close & Apply, nenda Model view, mahali pa kuunganisha majedwali, uburute msimbo wa mteja kutoka Wateja hadi Mauzo ili kujenga uhusiano. Upande wa Wateja isomeke 1, upande wa Mauzo kinyota (*), yaani mteja mmoja, mauzo mengi. Ukiona vinyota pande zote mbili, simama hapo: kuna msimbo uliojirudia kwenye Wateja. Rudi ukaondoe marudio, lakini kwanza geuza herufi zote ziwe kubwa na ufute nafasi za pembeni. Power Query huona “ab12” na “AB12” kuwa vitu viwili. Modeli, yaani majedwali yaliyounganishwa, huviona kimoja, na uhusiano utaendelea kugoma huku wewe ukiapa kwamba umeshasafisha.

Jedwali la tarehe liwe na kila siku ya mwaka, hata ambazo hakukuuzwa kitu. Litengeneze kwa fomula ya CALENDAR. Fomula nyingine, CALENDARAUTO, hukusanya tarehe zote za modeli, hivyo siku za kuzaliwa za wateja zinaweza kukurudisha hadi 1950. Na kama tarehe ya mauzo imebeba saa, iondoe saa hiyo, la sivyo tarehe hizo hazitalingana na za jedwali hili.

Mwisho andika kipimo (measure), yaani fomula ya hesabu ya ripoti: Jumla ya Mauzo = SUM(Mauzo[Kiasi]). Kiweke kwenye jedwali la ukurasa wa ripoti pamoja na jina la mteja kutoka Wateja, ulinganishe na faili la mwanzo. Ukikuta safumlalo isiyo na jina lakini ina kiasi, hayo ni mauzo ambayo msimbo wake haumo kwenye Wateja. Mtafute mteja huyo kabla hujachora chochote.