Dume wa plastiki, na kilichompata juzi

Jamani, habari zenu, karibuni tena. Leo nanong'ona kwa sababu nipo ulingoni, juu ya mti. Mnamwona yule kulungu pale ukingoni mwa msitu? Msiniulize mbona simpigi. Ni plastiki. Nimembeba alfajiri, kichwa na miguu nimeitia tumboni mwake kama nguo kwenye begi.

Huku Marekani, Novemba ndiyo kilele cha kupandana kwa kulungu wa mkia mweupe. Dume hana akili nyingine: anatafuta majike, na akimwona dume mwenzake damu inamchemka. Sanamu inachezea hasira hiyo. Ila usiisimamishe ovyo. Jike huendewa kwa nyuma, dume hukabiliwa usoni. Kwa hiyo huyu wangu nimemwelekeza huku kwangu, mshazari kidogo, hatua kama 20. Mgeni akizunguka kumkabili, ananipa ubavu na macho yake hayapo kwangu. Pembe moja nimeing'oa makusudi, aonekane mnyonge.

Halafu upepo. Hapo ndipo wengi tunaumbuka. Kulungu huzunguka kwanza upande unakoelekea upepo, anuse. Basi sanamu ikae unakotoka, wewe ukae unakoelekea, ili apite katikati yenu kabla hajaipata harufu yako. Mwaka jana upepo niliupatia, lakini sanamu niliishika mikono mitupu, nimetoka kutia gari mafuta! Dume akaja vizuri, akanyoosha pua, akapiga kwato chini mara mbili, akakoroma, akatoweka. Siku hizi navaa glavu za mpira.

Msimu wa bunduki sanamu siigusi kabisa. Mwindaji mwingine akiiona kwa mbali, risasi inakuja upande wako. Natumia msimu wa upinde tu, na njiani naifunika kitambaa cha rangi ya chungwa. Kulungu haitofautishi vizuri na kijani, binadamu anaiona kutoka mbali. (Askari wa wanyamapori nao wanazo zao, zinatingisha kichwa kwa rimoti. Wanawategea majangili wanaopiga wakiwa barabarani.)

Sasa ya juzi. Jua linakaribia kuzama, akatokea dume mkubwa. Masikio kayalaza nyuma, manyoya ya shingo yamesimama, anatembea kiubavubavu, polepole, kama mtu anayetafuta ugomvi. Mimi upinde mkononi, mkono unatetemeka, pumzi nasikia masikioni. Kabla sijavuta kamba akainamisha pembe, twaa! Kichwa cha plastiki kikaruka, kikatua majanini. Akakitazama. Akakinusa. Akanyanyua mkia mweupe, huyo, mbio.

Ndiyo maana mnaona utepe wa gundi pale shingoni.