Alama Anayotoa Mgonjwa Mwenyewe

Wauguzi, maafisa ustawi wa jamii, na hasa ninyi wahudumu wa afya ngazi ya jamii mnaofika hadi mlangoni kwa mgonjwa, habari za asubuhi.

Presha mnaipima kwa mashine, homa kwa kipimajoto. Maumivu je? Na hofu ya kuacha watoto wadogo? Hapo mwenye jibu ni mgonjwa peke yake, asipoulizwa hatujui. Nimekuja na dodoso moja tu, lile lililotengenezwa na Jumuiya ya Tiba Shufaa Afrika (APCA), yenye makao yake Kampala; tiba shufaa ni huduma ya kumpunguzia maumivu na mateso mwenye ugonjwa mzito, pamoja na familia yake. Wengi mnaliita POS ya Afrika, POS ikiwa kifupi cha Kiingereza cha kipimo cha matokeo ya tiba shufaa.

Lina maswali 10. Saba ni ya mgonjwa, matatu ni ya familia inayomuuguza, na mengi yanauliza kuhusu siku 3 zilizopita. Kule England, tangu 2009, anayebadilishiwa nyonga au goti hujaza dodoso kuhusu hali yake kabla ya upasuaji, kisha jingine baada ya miezi 6 hivi. Wao wana sababu zao. Mgonjwa wetu ambaye saratani imeshasambaa, miezi 6 huenda asiifikishe.

Alama ni 0 hadi 5. Asiyesoma anatumia mkono: akifumba ngumi hana maumivu, akikunjua vidole vyote vitano yamemzidi. Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa fomu nyingi zinaharibika. Maswali 3 ya kwanza, 0 ndiyo heri. Kuanzia la 4, la kama ameweza kuwaeleza ndugu anavyojisikia, mambo yanageuka: 5 ndiyo heri. Halafu la 10, la wasiwasi wa familia, linageuka tena. Kwa hiyo msijumlishe zote kumi mkaniletea namba moja. Someni swali kwa swali.

Tuseme mama ana saratani ya shingo ya kizazi, ameanzishiwa morfini ya maji, dawa kali ya kutuliza maumivu. Jumatatu alionyesha vidole vinne kwa maumivu, kimoja kwa dalili nyingine. Alhamisi mnarudi: maumivu kidole kimoja, mnafurahi, mnataka kuaga. Lakini dalili nyingine zimepanda hadi vinne! Muulizeni ni nini. Mara nyingi ni choo. Morfini inafunga choo, na pengine hakuna aliyekumbuka kumpa dawa ya kulainisha. Mkiondoka hivyo, ataiacha morfini mwenyewe, kimyakimya, na wiki ijayo mtakuta ngumi imekunjuka yote.

Linalonikera zaidi ni mahali tunapoulizia. Mume yupo, mama mkwe yupo, jirani anachungulia dirishani, nawe unauliza, "Umeweza kuwaeleza ndugu zako unavyojisikia?" Atasema nini zaidi ya "Namshukuru Mungu"? Hao waliomzunguka ndio wanaomlisha na kumtafutia nauli ya hospitali. Kama mko wawili, mmoja atoke uani na familia, awaulize maswali yao matatu huko huko: wameelezwa vya kutosha, wanajiamini kumuuguza, wana wasiwasi kiasi gani. Mwingine abaki ndani na mgonjwa. Nyumba ya chumba kimoja isiwe kisingizio.

Maafisa ustawi, swali la 7 ni lenu. Linauliza kama mgonjwa amepata msaada na ushauri wa kutosha ili familia ipange mambo ya mbele. Akitoa 0, muuguzi hana dawa yake kwenye mkoba. Pengine ni wosia, pengine ni kiwanja ambacho shemeji ameshaanza kukipigia hesabu, pengine ni nani atabaki na watoto. Muuguzi aliyeiona ile 0 akupigie simu siku hiyo hiyo, nawe ukienda, nenda na msaidizi wa kisheria kama yupo.

Na mkirudi kwa mgonjwa, kabla ya kuuliza upya, mkumbusheni alichosema: "Mama, Jumatatu ulinionyesha vidole vinne. Leo?" Akiona jibu lake lilibadilisha dozi, au lilimleta afisa ustawi, atakwambia kweli. Fomu inayotoka kitandani ikaenda moja kwa moja kwenye ripoti ya robo mwaka, kwangu mimi, ni kumchosha mgonjwa bure.

Haya, kaeni wawili wawili, mmoja awe mgonjwa. Anzeni na swali la 4, ndilo linalowachanganya wengi. Mgonjwa, usimrahisishie mwenzako.