Gari Linapogoma Kuwaka, Pima Kabla ya Kununua

Ndugu mwenyekiti, shikamooni wazee wetu. Na ninyi mafundi wenzangu, madereva na vijana mnaojifunza kazi katika gereji za hapa Tabora, hamjambo.

Nimeombwa nizungumzie gari linalogoma kuwaka na gari linalozimika njiani, na wale waliowahi kunisikia wanajua tayari nitakakoanzia: kwenye waya wa hasi, ule unaotoka kwenye betri kwenda kwenye bodi na injini. Naona kuna wanaocheka. Chekeni, lakini kesho mtaletewa gari la namna hiyo, na neno la kwanza mtakalomwambia mteja ni kwamba anunue betri.

Kuna gari moja la abiria la njia ya Sikonge ambalo lililetwa kwangu likiwa limekwisha kupita mikononi mwa mafundi kadhaa. Kila ukipiga stata, ile mota inayozungusha injini ili iwake, lilikuwa linatoa mlio mmoja mkavu na kunyamaza, ilhali taa za ndani zilikuwa zinawaka, redio inaimba na honi inalia kama kawaida. Mwenye gari alikuwa amekwisha kununua betri mpya, kisha stata iliyotumika, na sasa alikuwa anaelekezwa akatafute swichi ya ufunguo. Tuliweka ncha moja ya mita ya umeme juu ya nguzo yenyewe ya hasi ya betri, wala si juu ya kichwa cha waya kilichofungwa hapo, na ncha ya pili kwenye chuma kitupu cha injini, kisha msaidizi akapiga stata. Kipimo hicho, yaani volti zinazopotea ndani ya waya, kinatakiwa kisizidi volti 0.3 hivi, lakini mita ilisoma zaidi ya 3. Waya ulikuwa umeoza ndani ya ganda lake, karibu na boliti ya injini, na kwa macho ulionekana mzima kabisa. Tulifunga waya mpya, gari likawaka, na stata ya zamani, iliyokuwa bado imelala kwenye buti, tulipoirudisha ilifanya kazi bila tatizo.

Mtu ataniuliza, kama waya ulikuwa mbovu, mbona taa zilikuwa zinawaka? Hilo ndilo swali linalowapotosha wengi, na jibu lake ni hesabu ya shule: volti zinazopotea ni ampia mara omu, yaani mkondo mara ukinzani wa waya. Stata ya gari dogo la petroli huvuta ampia 150 au zaidi, na taa ya ndani huvuta kama nusu ampia. Waya ukiwa na ukinzani wa omu 0.02 tu, taa itapoteza volti 0.01, ambayo jicho haliwezi kuiona, lakini stata itapoteza volti 3 nzima. Betri yenyewe, hata ikiwa nzima, inapobeba mzigo huo hushuka hadi volti kumi na kitu, kwa hiyo stata inabaki na volti saba, nguvu inayotosha kuvuta kifungo chake cha sumaku kikalia, lakini haitoshi kuzungusha injini.

Mwingine atasema kwamba yeye alibadilisha betri na gari likawaka, kwa hiyo betri ndiyo iliyokuwa mbovu. Huenda. Lakini ulipofungua vichwa vya waya, ukavifuta ule unga mweupe na kuvikaza upya, ulibadilisha mambo mawili kwa wakati mmoja, na mteja amelilipia lile la bei kubwa. Betri hupimwa: ikiwa imepumzika na imejaa husoma volti 12.6 hivi, ikisoma 12.2 imebaki nusu, na wakati wa kupiga stata haitakiwi kushuka chini ya 9.6. Tena msiniambie mita ni ghali, kwa kuwa ya kawaida haifikii hata bei ya betri moja mliyomnunulisha mtu bure.

Na ile tabia ya kuchomoa kichwa cha betri injini ikiwa inaunguruma, eti kuipima altaneta, ile jenereta inayochaji betri, naomba ikome. Umeme hupanda ghafla na kuweza kuunguza kompyuta ya gari, na hapo mteja aliyekuja na tatizo dogo anaondoka na kubwa. Weka mita kwenye betri injini ikiwaka: ukiona kati ya volti 13.8 na 14.5, altaneta inachaji.

Muda umenikimbia, kwa hiyo haya mengine nayapitia haraka. Stata ikizungusha vizuri na injini isishike, washa ufunguo bila kupiga stata na usikilize pampu ya mafuta kwenye tangi, ambayo kwa magari mengi hunguruma sekunde mbili hivi kisha ikanyamaza. Usipoisikia, anza na fyuzi na rilei, ile swichi ya umeme inayoiwasha pampu. Gari linalozimika likipata moto na kuwaka tena likipoa, hasa mkiwa katikati ya msitu kati ya Ipole na Koga ambako hakuna duka la vipuri, shuku sensa ya krenki, ile inayoiambia kompyuta kwamba injini inazunguka, lakini thibitisha kwanza kwa kuangalia kama cheche zinapotea wakati huohuo limezimika, maana pampu iliyochoka nayo hufanya hivyohivyo. Linalozimika unapoachia pedali ya mafuta tu, safisha koo la hewa, mlango unaoingizia injini hewa, kabla ya kugusa kitu kingine.

Dizeli sitaigusa leo, kwa kuwa mwenyekiti ameshanionyesha saa mara mbili. Mwenye lile gari lililosukumwa hadi hapa, lililoegeshwa chini ya mwembe, namwomba afungue boneti, na kijana mmoja aje achukue mita.