Bastola ya Mwaka wa 26

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja. Nianze na jina, maana ndilo linalowapoteza wengi. Rivolva hii ya Kijapani, yaani bastola yenye silinda ya risasi inayozunguka, huitwa Aina ya 26. Hiyo 26 si kipimo cha mtutu, ni mwaka: wa 26 wa utawala wa Mfalme Meiji, yaani 1893. Kabla yake jeshi la Japani lilitumia rivolva za Smith & Wesson zilizonunuliwa Marekani. Sasa kiwanda cha silaha cha Koishikawa, Tokyo, kikaunda ya kwao.

Walijifunza kwa wengi. Kama zile za Marekani, mtutu unainama mbele na maganda yote sita yanasukumwa nje pamoja. Ubavu wake unafunguka kama mlango wa kabati, sawa na rivolva ya Kifaransa ya 1892, ili askari asafishe mitambo ya ndani. Hapo mimi nawasifu sana.

Sasa tazameni nyundo. Haina mkia wa kuvutia kwa kidole gumba. Walifanya hivyo isije ikanasa kwenye ala mpanda farasi anapoichomoa. Lakini kila risasi inadai uvute kifyatulio kwa nguvu safari nzima, na mkono ukikaza hivyo, shabaha inayumba.

Kasoro kubwa zaidi iko kwenye silinda, na hii inaniuma kila nikiieleza. Silinda inashikwa tu wakati kifyatulio kinavutwa. Ukikiachia, inazunguka ovyo. Ikisuguana na ala, ganda tupu linaweza kurudi zamu ya kupigwa. Mfikirieni askari aliyekwisha kufyatua mara mbili, akairudisha bastola, kisha akaichomoa tena adui akiwa mbele yake. Anavuta, anasikia mlio mkavu wa nyundo, basi.

Je, ilikuwa ya maofisa? Wengi husema hivyo. Ukweli ni kwamba jeshi liliwagawia wapanda farasi na masajenti. Ofisa wa Kijapani alijinunulia bastola yake kwa fedha zake, na wengi walichagua za kigeni.

Zilitengenezwa takriban 59,000. Mwaka 1925 ikaja bastola ya Nambu, Aina ya 14, lakini hizi kuukuu ziliendelea kubebwa hadi vita vilipokwisha 1945.

Mkiikuta kwenye makumbusho, chungulieni chini ya mpini. Kuna pete. Hapo ndipo mpanda farasi alifunga kamba, ili farasi akishtuka, bastola isibaki nyuma vumbini.