Kampuni ya Kwanza ya Malori Baada ya Jeshi

(Mhadhara kwa wanajeshi wastaafu na wanaokaribia kustaafu, Mtwara mjini)

Salaam aleikum. Bwana asifiwe. Maafande wangu, kina mama, ndugu mnaosubiri barua zenu, na wakubwa wote, shikamooni.

Matajiri wa malori wanawapenda sana ninyi. Fomu ya mtu aliyetoka jeshini ikifika mezani, inavutwa juu ya zingine. Msidhani ni kwa sababu ya usukani tu, madereva hodari wamejaa mtaani. Wanawapendea utii. Ukiambiwa ondoka saa tisa usiku, unaondoka. Sifa hiyohiyo itakayokupa kazi inaweza kukufikisha mahakamani, au pabaya zaidi. Ndiyo maana leo nina swali moja la kuwapa mkaliulize kila kampuni: hapa kwenu, dereva akikataa gari, inakuwaje?

Kambini gari lina karakana, lina kitabu chake, lina mtu anayesaini kabla halijatoka getini. Breki zikiwa na kasoro, linalala. Uraiani tajiri anapiga simu: "Sogeza hivyohivyo, fundi atakukuta Masasi." Ukikataa, pale pale anaitwa deiwaka, dereva wa kibarua cha siku, naye anapanda, maana ana watoto hajawalisha tangu jana. Simlaumu. Lakini kampuni inayoishi kwa mtindo huo si ya kuanzia kazi.

Jibu hulipati ofisini. Ofisini utapewa soda na kuonyeshwa picha za malori mapya. Nenda wanakopaki, kaa na matingo, wale wasaidizi wa madereva. Utingo hana sababu ya kumpamba tajiri; atakwambia gari gani lilitoka na tairi kipara, na dereva gani alifukuzwa kwa kuligomea. Ukipata mtu aliyeacha kazi pale, huyo ndiye wa kumnunulia chakula cha mchana.

Sasa pesa. Mshahara utatajwa kwanza, wewe uliza mzigo kwanza. Huku kwetu kuna makaa ya mawe yanayoshuka kutoka Mbinga, yanapita Songea, Tunduru na Masasi mpaka bandarini hapa. Kuna saruji inayotoka Mtwara. Kuna korosho, ambayo minada yake huanza mwezi Oktoba. Tajiri anayetegemea korosho peke yake atakulipa vizuri mpaka Krismasi, halafu utashinda barazani ukimsubiri apige simu. Na makaa nayo yana foleni. Malori yakipanga mstari kungoja kushusha, siku zile za kungoja zina posho au hazina? Watu wengi wanauliza posho ya safari, ya kusimama hawaiulizi, na njaa ya dereva iko hapohapo kwenye kusimama.

Halafu mafuta. Utapewa lita za tripu, na zikipungua utadaiwa. Haki, maana wapo wanaouza mafuta njiani, tusijifanye hatuwajui. Lakini uliza lita hizo zilipigiwa hesabu gari likiwa tupu au na mzigo. Milima ya kule Mbinga si barabara ya Mikindani. Kama hesabu ilifanywa na mtu ambaye hajawahi kuipanda, wewe ndiye utakayeijazia.

Hapo ndipo sheria inaingia, na ningependa mlishike hili. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haimruhusu mwajiri kukukata mshahara kwa hasara hivihivi tu. Hasara iwe imetokea kazini na kwa kosa lako. Akuandikie chanzo chake, kiasi chake na alivyokipata, upewe nafasi ya kupinga, na makato yasizidi robo ya mshahara. Wakikwambia taa ikivunjika "tunamalizana mwisho wa mwezi", omba waiandike kwenye mkataba. Angalia uso wa anayekujibu.

Sheria hiyo inasema pia kazi, pamoja na ovataimu, isizidi saa 12 kwa siku. Pima mwenyewe ratiba utakayopewa. Askari anajivunia kukesha, lakini usingizi haujui cheo.

Kwenye mizani ya barabarani, inayopima uzito wa malori, nitakuwa mfupi. Sheria ya uzito ya Jumuiya ya Afrika Mashariki imeweka kikomo cha tani 56 kwa gari na mzigo wake, na kila ekseli, yaani mhimili wa magurudumu, ina kikomo chake. Uliza nani analipa faini ikizidi. Kigugumizi kikiwashika, aga.

Mstaafu ana mtego wake mwingine. Ataambiwa: "Mzee, wewe una pensheni, NSSF ya nini? Tukuongezee kidogo mkononi." NSSF ni mfuko wa hifadhi ya jamii. Usikubali. Na uliza habari za Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, wa wanaoumia kazini. Michango yake inalipwa na mwajiri peke yake, hukatwi hata shilingi, kwa hiyo asiyekusajili anabana pesa yake, na mguu utakaovunjika ni wako.

Kuna mmoja ameninong'oneza hapo mlangoni: kwa nini asichukue kiinua mgongo anunue fuso lake? Ndugu yangu, kaa kwanza na lori la mtu mwaka mmoja au miwili. Ujue tairi zinaliwa wapi, mzigo wa kurudi unapatikana kwa nani, dalali yupi mwongo. Injini ikifa kwenye lori la tajiri, unalala ndani unasubiri fundi. Ikifa kwenye la kwako, unauza kiwanja.

La mwisho ni leseni. Hakikisha leseni yako ya kiraia ina daraja E kabla hujaanza kubisha hodi. Na mkataba, usiusaini siku uliyopewa. Omba nakala, nenda nayo ofisi ya kazi, wakusomee. Ukija kuachishwa isivyo halali, una siku 30 tu za kupeleka lalamiko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Wengi wanakwenda kumbembeleza tajiri kwanza, siku zinakatika.

Haya, maswali. Tuanze na mama pale dirishani, halafu afande mwenye kofia.