Siri Inayofumua Mshono: Wiki Sita Baada ya Kupunguzwa Matiti ya Kiume

Wazee wangu, kina mama na vijana mliojikusanya hapa Mbeya asubuhi hii ya baridi, nawashukuru kwa kuja. Mlionisikia mwaka jana na mwaka juzi mnajua nitakalolisema, na nitalisema tena kwa sababu wodini bado tunawapokea wagonjwa wale wale wenye tatizo lile lile. Sitarudia habari ya kwa nini mwanaume huota matiti, wala sitaeleza upasuaji wenyewe wa kuyapunguza, kwa kuwa hiyo ni kazi ya daktari na mara nyingi humalizika kwa saa moja au mbili. Mimi ni muuguzi, na kazi yangu huanza pale daktari anapovua glovu, kisha huendelea kwa wiki sita ambazo mgonjwa huwa nyumbani kwake, mbali na macho yangu. Hizo wiki sita ndizo zinazonikosesha usingizi.

Yuko kijana mmoja wa upande wa Uyole ambaye ameniruhusu kusimulia habari zake bila kumtaja jina. Tangu akiwa na miaka 14 hakuwahi kuoga mtoni na wenzake, na hata jua la Oktoba lilimkuta ndani ya sweta. Alidunduliza fedha za viazi kwa misimu mitatu, akafanyiwa upasuaji, mirija miwili ya kutolea damu na majimaji ikaondolewa siku ya pili, akavalishwa fulana ya kubana na kuruhusiwa kurudi nyumbani. Huko nyumbani alikuwa ameaga kwamba anakwenda Dodoma kumtembelea rafiki. Hakuna aliyejua, si mama yake wala baba yake mdogo anayeishi naye. Siku ya sita Fuso ikafika shambani kubeba viazi. Ninyi mnaolima viazi mnafahamu kwamba gari likishafika hakuna anayekaa: magunia yamejazwa lumbesa, kila moja limepita kilo 100, na linahitaji watu wawili wa kulinyanyua na mmoja wa kulipokea juu ya gari. Baba mdogo akamwita ashike upande mmoja. Kijana angejibu nini? Angesema anaumwa, angeulizwa anaumwa wapi. Akashika gunia.

Aliniambia kwamba kwenye gunia la nne alisikia kitu kikiachia upande wa kushoto, bila maumivu makali, ila joto lililosambaa kifuani kama uji uliomwagikia ndani ya nguo. Akaendelea kupakia hadi gunia la kumi na moja. Usiku ule titi alilolipia lipunguzwe lilikuwa limevimba kuliko lilivyokuwa kabla ya upasuaji, ngozi imewamba na kung'aa, na zipu ya fulana imechora meno yake juu ya kifua. Asubuhi alishuka kwenye daladala akiwa amejikumbatia kwa mikono yote miwili. Alirudishwa chumba cha upasuaji, mshono ukafunguliwa, yakatolewa mabonge ya damu iliyovilia yenye rangi ya maini, mshipa ulioachia ukafungwa na mrija ukawekwa tena. Wiki sita zikaanza kuhesabiwa upya.

Najua yupo hapa anayesema moyoni kwamba kijana yule alikuwa mjinga. Huyo namjibu kwamba kijana alikuwa na akili timamu, na karatasi ya maagizo alikuwa nayo mfukoni, imeandikwa wazi kwamba asinyanyue kitu kizito; alichokikosa ni mtu wa kushika gunia badala yake. Mama aliyejifungua katika nyumba zetu hizi, iwe Tukuyu, Makambako au Mafinga, hutekewa maji, hupikiwa uji na hufuliwa nguo. Mwanaume aliyevunjika mguu huwekewa kiti mlangoni na watu huja kumpa pole. Kidonda kinachojulikana hupumzishwa na nyumba nzima. Huyu mwenye kidonda cha siri nani atampumzisha? Ndiyo maana nasema kila mwaka, na nitaendelea kusema, kwamba siri ndiyo inayofumua mshono.

Mtaniambia kwamba mwanaume hawezi kuanza kutangaza kuwa alikuwa na matiti. Sijasema atangaze. Nasema amwambie mtu mmoja, kabla ya siku ya upasuaji, tena awe mtu mwenye kauli katika nyumba ile, ili Fuso ikija awepo wa kusema, "Huyu mwacheni." Kwa wengine inatosha kusema, "Nimetolewa uvimbe kifuani, daktari amekataza kazi nzito kwa wiki sita," na maneno hayo ni ya kweli, kwa kuwa kilichotolewa ni tezi lililokua isivyotakiwa. Aibu yenyewe ina umri mkubwa kuliko sisi: Paulo wa Aegina, tabibu wa Kigiriki wa karne ya 7, aliandika namna ya kulipasua titi la mwanaume na akaona kwamba fedheha linayomletea ni sababu ya kutosha ya kulipasua. Na ninyi kina baba mnaowacheka vijana wenu, fahamuni kwamba zaidi ya nusu ya wavulana huvimba matiti kwa kiasi fulani wakati wa kubalehe, na kwa wengi wao matiti hayo hunywea yenyewe katika mwaka mmoja au miwili. Huenda hata wewe ulivimba, ukasahau.

Sasa fulana. Hakuna swali ninaloulizwa mara nyingi kama hili: "Kwa nini nilale nayo wakati inanibana?" Daktari akishaondoa tezi na mafuta, panabaki nafasi tupu kati ya ngozi na msuli wa kifua, na mwili haupendi nafasi tupu, huijaza damu au majimaji. Fulana huikandamiza ngozi hadi ishikane na msuli. Kila aliyewahi kukandika nyumba ya udongo anaelewa jambo hili, kwani udongo mbichi hukandamizwa kwa kiganja mpaka ushike fito, na ukiuegemea kabla haujakauka unabanduka kipande kizima. Wapasuaji wengi huagiza fulana ivaliwe usiku na mchana kwa wiki nne hadi sita, ivuliwe tu wakati wa kuoga au kuifua, kwa hiyo nunueni mbili, maana miezi ya Juni na Julai, Njombe na Makete, fulana moja iliyofuliwa jioni haikauki hadi asubuhi. Baridi yetu ina fadhila moja, kwamba chini ya sweta hakuna atakayeiona. Fulana iwe imenyooka. Ikikunjamana hukata ngozi, na ikimfanya mtu ashindwe kuvuta pumzi ina maana imembana kupita kiasi, arudi aonwe.

Hapa naomba kina mama mnisikilize kwa makini, kwa sababu jambo hili hufanywa kwa upendo. Mama akishajua mwanawe amepasuliwa, huchemsha maji na kuchukua kitambaa ili amkande, kama alivyokandwa yeye alipojifungua. Msimkande. Ngozi ya kifua kile ina ganzi, kwa kuwa mishipa midogo ya fahamu imeguswa wakati wa upasuaji, na ganzi hiyo huweza kukaa kwa miezi. Kijana hasikii kwamba maji ni ya moto mno, na mama anaona kijana ametulia, kumbe ngozi inaungua. Nimeuona mwenyewe mduara wa malengelenge kuzunguka chuchu, nami nikakosa neno la kumwambia mama aliyekuwa amesimama pale akilia. Kwa sababu hiyo hiyo, msimweke karibu na jiko la mkaa kifua kikiwa wazi, wala msimpe chupa ya maji ya moto aikumbatie. Mkitaka kumsaidia, mtekeeni maji, kwani kujitwisha ndoo na kuishusha ni kuinua mikono juu ya mabega, na hilo halitakiwi katika wiki mbili za mwanzo au zaidi, kama daktari wake atakavyosema.

Naona naoneshwa saa, kwa hiyo niyapitie yaliyobaki upesi. Damu kuvuja ndani hutokea zaidi katika saa 24 za kwanza, kwa hiyo anayetoka Ludewa au Makete asikimbilie basi siku ile ile, alale mjini kwa ndugu. Uvimbe unaolingana pande zote mbili ni wa kawaida, lakini upande mmoja ukifura ghafla, ukakakamaa na kuuma, hiyo ni safari ya hospitali usiku huo huo. Homa, usaha au wekundu unaoenea navyo visisubiri tarehe ya kliniki. Alale chali, amejiegemeza kwenye mito. Dawa za maumivu ni zile alizoandikiwa peke yake, asijinunulie aspirini dukani, kwa kuwa huzuia damu kuganda. Sigara aache wiki kadhaa kabla na baada, kwa sababu huinyima ngozi damu. Kazi ya ofisini anaweza kuirudia baada ya wiki moja hivi. Bodaboda, jembe na kupakia magunia visubiri ruhusa ya daktari, na mara nyingi ruhusa hiyo huja baada ya wiki nne hadi sita. Wenye miili inayoota makovu manene waseme mapema. Asijitazame kwenye kioo wiki ya pili akakata tamaa, kwani uvimbe hupungua taratibu na umbo halisi huonekana baada ya miezi mitatu hadi sita. Na kipande cha tezi kilichopelekwa maabara, majibu yake yafuatwe. Saratani ya titi kwa wanaume ni nadra, ni kama mgonjwa mmoja kati ya kila 100 wa saratani hiyo, lakini ipo.

Kijana wa Uyole alikuja kliniki ya mwisho na baba yake mdogo, ambaye muda wote wa kuonwa kwake alikuwa ameishika ile fulana ya pili mapajani, imefuliwa na kukunjwa. Yeyote hapa ambaye yeye au ndugu yake ana tarehe ya upasuaji mwezi huu, asiondoke kabla hatujaonana pale mlangoni. Nitamuuliza swali moja tu, nani atakayemtekea maji, na tutakaa hadi tupate jina.