Nimempeleka mama Hamburg nusu siku, na tumefika mpaka kwa Bibi Salme

Assalaam aleikum jamani, hamjambo? Wa Unguja, wa Pemba, wa Dar, wa Mombasa, na ndugu zetu wa Maskati ambao kila video nyie ndo wa mwanzo kuandika, karibuni tena. Sauti yangu leo imekauka kidogo mana jana tumeshinda kwenye upepo, na huyo mnaemuona nyuma yangu kalala kwenye kochi kajifunika kanga mpaka kichwani ndo bi mkubwa mwenyewe, mama, yuko kwangu wiki ya tatu hii.

Wengi mmeniuliza mama umemtembeza wapi, basi leo nawapa yote. Sisi tunaishi Bremen, kutoka hapa mpaka Hamburg ni kama saa moja tu kwa treni, na jana tulichukua matembezi ya nusu siku lakini ya peke yetu, yaani mimi na mama na mwongozaji mmoja na gari yake, hakuna kundi la watu thelathini, hakuna kufata kibendera, hakuna basi linalokwambia una dakika kumi piga picha urudi. Magoti ya mama mnayajua, hawezi kukimbizwa. Halafu kulikuwa na jambo la pili, na hili ndo kubwa. Mama kabla hajapanda ndege alishaniambia kwenye simu, mwanangu mi hizo ghorofa zenu sina haja nazo, mi nataka unipeleke kwa Bibi Salme, yule binti wa Sultani wa Unguja aliyezikwa huko.

Sasa kampuni ya kwanza niliyowapigia, siwataji, waliniambia ratiba yao ni ile ile, makaburini hawaendi, na kama nataka kubadilisha niongeze pesa karibu nusu ya bei. Nikawaacha. Nikampata mzee mmoja, mtu wa hapa hapa, zamani alikuwa anafanya kazi bandarini, yeye nilipomwambia tu akasema asubuhi tuanze majini, mchana tumalizie kwa binti wa Sultani. Nilimfundisha shikamoo kwenye simu, na tuliposhuka treni saa tatu asubuhi kaja mbio kaitoa, "shikamoo mama", mama kaitika "marahaba baba" na toka hapo wale wawili walikuwa marafiki, mimi kazi yangu kutafsiri tu.

Tukaanza Landungsbrücken, ndo gati lenyewe la mjini pale, na lile gati linaelea, ni mapantoni yameunganishwa moja baada ya jingine karibu mita 700. Mama kasimama pale kaangalia maji muda mrefu kweli, kisha kaniambia muulize, huu si umesema mto, mbona maji yanapwa? Jamani mi miaka yote naishi huku sijawahi kuliona hilo! Kweli ukiangalia ukutani unaona alama ya maji, kijani mpaka juu, na maji yako chini. Mzee kafurahi mpaka kavua kofia, anasema wageni wengi wanauliza bei ya soda. Hamburg iko zaidi ya kilomita 100 kutoka bahari ya Kaskazini lakini maji ya bahari yanapanda mto Elbe mpaka pale, yanajaa na kupwa mara mbili kwa siku, tofauti yake mita tatu na zaidi, na ndo mana gati limefanywa la kuelea, lipande na maji na lishuke nayo. Mama kasema bas kama kwetu, na kutoka hapo mji ukawa mji wake, akawa anauliza kama mtu anayeuliza habari za shamba lake.

Hapo hapo karibu kuna njia ya chini ya mto, ya zamani, imefunguliwa 1911, ilichimbwa kwa ajili ya wafanyakazi wa viwanda vya meli waliokuwa wakivuka kwenda ng'ambo, mana ile idadi ya watu vyombo vilikuwa havitoshi. Unashuka kwa lifti mita 24 chini, halafu unatembea mita 426 mpaka upande wa pili, bure, hulipi kitu. Kuta zimetiwa vigae vyeupe na picha za samaki na kaa zimechongwa. Mama alishika mkono wangu hakuuachia mpaka tumetoka, anasoma zake kimoyomoyo, lakini tulipotokea juu na kuuona mji wote ule ng'ambo na minara yake alikaa kwenye benchi akasema nipige hapa picha. Ndo hiyo mliyoiona kwenye stetas.

Sasa nije kwenye Speicherstadt, mji wa maghala, na hapa naomba mniskize vizuri mana hapa ndo tunaingia sisi watu wa pwani. Ni safu za majengo ya matofali mekundu, marefu, yamesimama pembeni ya mifereji, upande mmoja maji upande mmoja barabara. Yalianza kujengwa 1883, na ili yajengwe walivunja mtaa mzima, watu kama 20,000 wakahamishwa. 1888 Kaisari akaja kufungua. Chini yake kuna maelfu ya magogo yamepigwa kwenye tope na ndo yanayobeba mzigo wote, na mzee anasema mti ukikaa ndani ya maji moja kwa moja hauozi, unaooza ni ule unaopigwa na hewa. Mama kasema hilo hata boriti za mikoko zinajua. Juu kabisa ya kila ghala utaona winchi imechomoza chini ya paa, tishari linakuja na maji kujaa, linasimama chini yake, magunia yanavutwa kwa kamba mpaka ghorofa inayohusika. Kahawa, chai, kakao, viungo, mazulia. Vita vya pili mabomu yaliliangusha karibu nusu yake, wakajenga tena, na 2015 UNESCO wakaliingiza kwenye urithi wa dunia kama walivyofanya Mji Mkongwe wetu 2000.

Lakini mimi nikamuuliza yule mzee, na hili ndo nnalowaambieni kwamba raha ya kuwa na mtu wenu peke yenu ni kuuliza, nikamwambia haya, kutoka kwetu nini kilikuja? Akasimamisha gari. Akaanza kutueleza habari ya Wahamburg walivyokuwa Unguja kabla hata ya serikali ya Kijerumani kufika. Kulikuwa na nyumba ya biashara ya O'Swald, walikuwa Unguja toka miaka ya 1840 na kitu, na mali yao ya kwanza iliyowatajirisha ilikuwa simbi, hizi hizi kauri tunazookota ufukweni, walizibeba kwa majahazi ya kizungu mpaka Afrika Magharibi ambako ndo ilikuwa pesa ya watu. Wanachukua simbi kwetu wananunulia mafuta ya mawese kule, mafuta yanakuja Hamburg. 1859 miji ya Kijerumani ya biashara, Hamburg ikiwemo, ikawekeana mkataba na Sultani Majid wa Unguja. Mama aliposikia habari ya simbi alinyamaza. Bibi yake yeye alikuwa anaokota simbi Chwaka akiuza kwa kibaba, mama alikuwa anahadithiwa hilo toka mdogo, na hakuwahi kujua zilikuwa zikienda wapi.

Akatupeleka na mtaa mmoja wa katikati, kuna jengo linaitwa Afrikahaus, la 1899, la kampuni ya Woermann, mlangoni kuna sanamu ya mpiganaji wa Kiafrika na uani tembo wawili wa chuma. Ndo hao Woermann waliokuwemo kwenye kuanzisha laini ya meli ya Afrika Mashariki, 1890, Hamburg mpaka Tanga, Dar, mpaka chini. Meli hizo zilibeba bidhaa na zilibeba wanajeshi. Mi babu yangu upande wa baba ni mtu wa Kilwa, na Maji Maji ya 1905 kwao si hadithi ya kitabuni. Nilisimama pale mbele ya wale tembo na sikutaka kupiga picha, kwa hiyo hiyo sehemu kwenye video hamuioni, msamehe.

Elbphilharmonie tuliipita haraka, ni ukumbi wa muziki, kioo kitupu kimejengwa juu ya ghala la zamani la kakao, juu umeviringana kama mawimbi, ulifunguliwa Januari 2017 na gharama zilipanda mpaka zikapita euro milioni 800. Unapanda ngazi za umeme ndefu mpaka kwenye baraza la nje, mita 37, unaiona bandari yote na makreni yake. Zuri, nendeni, lakini upepo wa pale juu kwa mtu mzima ni mkali, mvalisheni vizuri. Chini tukala mkate wa samaki, ni mkate mdogo mgumu, ndani samaki wa kukaushwa au wa siki na vitunguu. Mama kala mmoja na nusu. Na kuna kimkate kingine cha mdalasini, cha hapa hapa Hamburg, kinaitwa Franzbrötchen, kinanata, kinanukia, huyo mdalasini umemfanya mama anyamaze tena kidogo.

Bas, saa sita tukaelekea Ohlsdorf. Hii makaburi jamani si makaburi mnayoyajua, ni msitu, ni karibu hekta 400, kuna barabara, kuna mabasi ya abiria yanapita ndani na vituo vyake. Bila gari na mtu anayejua njia mama asingefika.

Najua wengi mnamjua Salme kwa juu juu, kile chumba chake pale kasri ya Forodhani. Kazaliwa 1844 Mtoni, mtoto wa Sayyid Said. Kuandika alijifundisha mwenyewe kwa siri, mana watoto wa kike walifundishwa kusoma tu. Akapendana na jirani yake wa Mji Mkongwe, Mjerumani wa Hamburg, mfanyabiashara, nyumba zao zimekaribiana wanaonana juu ya dari, akashika mimba, na 1866 usiku akatoroka kwa manowari ya Kiingereza mpaka Aden. Akabatizwa, akawa Emily Ruete, wakaja Hamburg. Miaka mitatu na kitu tu, 1870 mumewe kaanguka kutoka kwenye tramu ya farasi kafa, kamuachia watoto watatu wadogo, mdogo wao wa miezi. Lugha hajaijua sawa, baridi, pesa za mirathi ya Unguja hakupewa. Mimi nlikuja huku na miaka 24, baridi yangu ya kwanza sikutoka nyumbani wiki mbili, na mi nilikuwa na simu, nilikuwa nampigia mama kila usiku. Yeye hata barua za kwao zilikatika. Alirudi Unguja 1885, Wajerumani wakamtumia kwa siasa zao, kaka yake Barghash hakukubali kumuona. Kafa Jena 1924, na katika vitu vyake kulikuwa na mchanga wa ufukwe wa Unguja, wakamuwekea kaburini.

Kaburi lenyewe dogo, liko na watu wa ukoo wa mume. Jina linasema Emily Ruete, na kuna maneno ya Kijerumani nikamtafsiria mama, kwamba mwenye roho ya uaminifu ni anayependa kwao kama ulivyopenda wewe. Mzee wetu akatueleza pia kwamba 2019 kiuwanja kimoja mjini kilipewa jina lake, halafu wakaamua kuliondoa, kwa sababu kwenye maandishi yake aliutetea utumwa. Nikamtafsiria mama na hilo pia, sikumficha. Mama akakaa kimya. Kisha akasema, kweli, na wale waliokuwa wakichuma karafuu kwenye mashamba ya baba yake, kaburi lao liko wapi tukawatembelee? Yule mzee akaniangalia nimtafsirie, nikamtafsiria, hakujibu kitu, kaangalia chini. Mi nadhani waliondoa jina kwa haki, na nadhani mama alikuwa na haki kuja. Yote mawili nayashika.

Fatiha hakusoma, mana alisema huyu alibadili dini na mi sijui Mungu kapanga nini naye. Akainama, na magoti yale, akaanza kuondoa majani makavu juu ya jiwe moja moja, kama anavyofanya kwenye kaburi la bibi yetu kule Mwanakwerekwe, mpaka pakawa safi. Nilizima kamera.

Kwa mnaotaka bei, sisi tulilipa euro 240 kwa saa nne na nusu, gari na yeye mwenyewe, kiingilio na chakula juu yetu. Ukiwa huna hiyo pesa, panda feri namba 62 pale Landungsbrücken, ni tiketi ya kawaida ya basi na inakupitisha bandari nzima, na Ohlsdorf kuna treni mpaka mlangoni. Lakini ukiwa na mzazi, weka weka pesa kidogo kidogo umchukulie mtu.

Leo asubuhi kanipa simu nimpigie dada yake, mama mkubwa wangu wa Mtoni, ambae kila siku akienda kununua samaki anapita pale kwenye magofu ya kasri. Akamwambia hivi, mi nipo pembeni nasikia: "Dada, yule mtoto wa jirani yenu nimemuona. Yuko mbali kweli, na pale alipo kuna baridi."